Pikipiki ya Baba: Namna ya Kuitunza na Kuipanda

Mwezi huu nataka kunena nanyi juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, nacho ni pikipiki. Wala sineni juu ya pikipiki mpya ya dukani, bali ile kuukuu iliyokaa nyumbani miaka mingi na kupita kutoka mkono hata mkono. Walimu wengi wanazo. Na wengine wamezilaza ghalani chini ya magunia, wakidhani hazifai tena. Mimi nimejifunza juu yake mambo mawili. La kwanza ni kwamba chombo cha namna hiyo chaweza kutumika vizuri miaka mingi kwa kazi ndogo za mikono ya mwenyewe. La pili nilijifunza kwa uchungu, nami nitalieleza bila kuficha, ili yaliyotupata sisi yasiwapate ninyi.

JINSI ILIVYOKUJA KWETU

Pikipiki yetu ni Honda CG125, iliyotengenezwa Japani mwaka 1979. Marehemu baba yangu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akawa akiipanda kwenda zahanati alikofanya kazi, huku kwetu katika milima ya Usambara. Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Ndani ya sanduku la spana aliweka daftari, na humo aliandika kila siku aliyobadili mafuta ya injini, kila siku aliyokaza mnyororo, na kilomita zilizosomeka. Sisi watoto tulimcheka kidogo, tukisema kwamba baba anaiandikia pikipiki barua.

Alipofariki nilirithi pikipiki, nikarithi na daftari. Lakini pikipiki nikaipanda, na daftari sikulifungua.

INJINI ILIYOFANYWA KUSTAHIMILI

Yafaa kwanza tujue asili ya chombo hiki, maana ndani ya asili yake umo mtego ulioninasa.

Mwaka 1946, vita vikuu vilipokwisha kwisha, watu wa Japani walikuwa na shida kubwa ya usafiri. Katika mji wa Hamamatsu alikuwapo fundi mmoja, Soichiro Honda. Aliona injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme kwa ajili ya mitambo ya redio ya jeshi, nazo sasa hazina kazi. Akazichukua, akazifunga katika baiskeli. Miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu baiskeli hiyo alikuwa mkewe, Sachi. Mwaka 1948 Honda akaanzisha kampuni yenye jina lake, nayo ikakua hata ikauza pikipiki ulimwenguni pote.

Pikipiki ya namna ya CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Katika pikipiki nyingine za Honda za kadiri hiyo, mhimili unaofungua valvu hukaa juu kabisa, katika kichwa cha injini, nao huzungushwa kwa mnyororo mdogo. Huko juu huhitaji mafuta safi daima. Basi wahandisi walikwenda kuona jinsi pikipiki zao zinavyotumiwa katika nchi zisizo tajiri, wakakuta kwamba wenyewe wengi hawabadili mafuta kwa wakati wake. Huongeza tu yakipungua, tena hupakia mizigo kupita kipimo na kwenda katika vumbi na matope. Wahandisi wale hawakuridhika kuandika makaripio katika kitabu cha maelezo. Walibuni injini nyingine. Mhimili wakauweka chini, na valvu zikawa zasukumwa kwa fimbo mbili ndefu. Mnyororo wa gurudumu la nyuma nao wakaufunika wote katika kasha la bati, usipate vumbi wala mvua.

Injini hiyo ina silinda moja tu. Upana wa pistoni ni milimita 56.5, na mwendo wake kupanda na kushuka ni milimita 49.5; ujazo wake basi ni sentimita za ujazo 124. Umbo lake liliigwa baadaye na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda katika nchi zetu zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo hata msomaji mwenye pikipiki ya jina jingine ataona kwamba mengi niliyoandika hapa yamhusu.

Sasa tazameni mtego. Injini iliyofanywa kumvumilia mzembe ilinivumilia mimi. Kila asubuhi nilipiga kiki mara moja au mbili, ikaitika. Nikasema moyoni, “Chombo hiki hakifi.” Injini ilipokohoa kidogo niliishughulikia mara moja, maana sauti yake ilinikera, lakini ilipoimba vizuri, nilidhani kwamba pikipiki nzima ni nzima.

MASIKA YA MWAKA ULE

Katika mwaka 2017, kabla ya mvua za masika, niliona kwamba kanyagio la breki ya nyuma lashuka mno kabla ya breki kushika. Nilijaribu kukaza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, kumbe imekwisha kufika mwisho wa nyuzi zake. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kando ya njia. Yeye hakuondoa gurudumu. Alilegeza bolti ya mkono wa breki, akauchomoa mkono ule katika meno yake, akauzungusha jino moja, akaurudisha na kuukaza. Kanyagio likawa gumu kama jipya. Akaniambia, “Imepona, Mwalimu.” Nikamshukuru, nikamlipa, nikaenda zangu.

Ndugu zangu, haikupona. Alichofanya ni kuficha ugonjwa. Viatu vya breki ndani ya gurudumu vilikuwa vimekwisha, na ile nati iliyofika mwisho ilikuwa ikinionya. Fundi alininyang’anya onyo langu, nami nikamlipa fedha kwa kazi hiyo. Wala sisemi hayo ili kumtupia yeye lawama yote. Maana pikipiki ni yangu, na aliyekuwa na wajibu wa kufungua na kutazama ni mimi.

Wiki chache baadaye, siku ya mvua, nilimpakia mke wangu tukaenda Soni sokoni. Njia ya huko ina miteremko mikali na kona nyingi, na upande mmoja ni bonde. Katika mteremko mmoja nikakanyaga breki. Kanyagio likashuka hata mwisho, na gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba sikuligusa. Nikabana breki ya mbele. Waya wake ulikuwa na kutu, ikashika kwa unyonge. Nikateremsha gia kwa haraka, injini ikalia sana, mwendo ukapungua, lakini kona ilikuwa imekwisha kutufikia. Palikuwa na mambo mawili ya kuchagua, bonde au ukingo wa udongo. Nikaelekea ukingoni, tukaanguka.

Mimi nilichubuka magoti. Mke wangu alivunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja. Kofia yake ngumu ilipasuka upande mmoja, pale ilipogonga jiwe. Na kila niitazamapo hufikiri juu ya mahali ambapo ufa ule ungekuwa, kama asingeivaa. Alikaa na plasta wiki sita. Kwa muda huo hakuweza kulima, wala kuteka maji, wala kujifunga kanga mwenyewe. Watoto walimpikia, nami nilifua nguo.

Usiku mmoja, tulipokuwa tumeketi jikoni, aliniambia kwa upole, “Baba, wewe waisikiliza sana injini. Ikikohoa, hulali. Lakini breki haina sauti.”

Neno hilo sijalisahau. Kesho yake nilifungua daftari la baba. Katika kila ukurasa, neno la kwanza aliloandika lilikuwa “breki”. Injini aliiandika chini.

TUANZE NA VISIVYO NA SAUTI

Tangu siku ile tumefuata utaratibu wa baba. Kila Jumamosi jioni twaitoa pikipiki uani na kutazama kwanza vitu vilivyo kimya. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Kwanza ni breki. Pikipiki hii ina breki za viatu mbele na nyuma, yaani viatu viwili vilivyopinda hutanuka ndani ya gurudumu na kulibana. Kanyagio la nyuma na mkono wa breki ya mbele viende kwanza kama milimita 20 hata 30 pasipo kazi, kisha vishike. Katika pikipiki nyingi za Honda za namna hii upo mshale mdogo kwenye mkono wa breki, karibu na gurudumu, na alama kwenye bamba lake. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine atazame. Mshale ukifika kwenye alama, viatu vimekwisha. Usitafute hila, nunua vipya. Tena, mwisho wa mhimili wa breki pana nukta iliyogongwa, na kwenye mkono wake ipo nukta nyingine. Nukta hizo mbili sharti zikutane. Zisipokutana, jua kwamba mtu amezungusha mkono jino moja, kama nilivyofanyiwa mimi, na mshale wako wasema uongo.

Ukilitoa gurudumu ili kubadili viatu, usiyapulize mavumbi ya ndani kwa kinywa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Yafute kwa kitambaa chenye maji, kisha uzike kitambaa hicho mbali na watoto. Sehemu za chuma zinazozunguka zipakwe grisi kidogo sana, na grisi isifike kwenye viatu, maana kiatu chenye grisi hakishiki.

Pili ni tairi. Tairi la pikipiki isiyotembezwa sana huzeeka kabla ya kulika. Litazame ubavuni, likiwa na nyufa ndogo ndogo na limekuwa gumu kama kwato, halifai, hata kama maua yake ni marefu. Ubavuni mwa matairi mengi pana tarakimu nne za siku ya kuzaliwa kwake: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1519, limetengenezwa katika wiki ya 15 ya mwaka 2019. Wauzaji wengine huuza tairi lililokaa dukani miaka mingi kwa bei ya jipya. Mwenye kusoma tarakimu hadanganywi.

Tatu ni njiti za gurudumu. Zigonge moja moja kwa spana ndogo. Njiti iliyokazwa hulia kwa sauti nyembamba. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Hapa kweli kuna sauti, lakini hailii mpaka uigonge.

Nne ni mnyororo. Kasha lake huuhifadhi, lakini pia huuficha. Yapo matundu madogo yenye kifuniko cha mpira. Lifungue moja, ingiza kidole, upime. Mnyororo ucheze juu na chini kama milimita 20. Ukilegea zaidi waweza kuruka meno; ukikazwa kupita kiasi hula mhimili wa gia. Ukivuta gurudumu nyuma ili kuukaza, hesabu alama za pande zote mbili zilingane, lisije gurudumu likaenda upogo. Tena usisahau: gurudumu likisogea, breki ya nyuma nayo hubadilika, lazima uipime upya. Ile klipu ya kiungo cha mnyororo, upande wake usio na mwanya uelekee mnyororo uendako. Ukiiweka kinyume yaweza kuchomoka safarini.

Tano ni waya na taa. Waya za breki na klachi zitiwe mafuta mepesi kwa juu, mpaka yatoke chini. Ukiona uzi mmoja umekatika, badili waya mzima. Taa za pikipiki hizi za zamani ni hafifu. Sisi tumebandika vioo vyekundu vya kurudisha mwanga nyuma, na safari za usiku tumeziacha, isipokuwa kwa ugonjwa.

KISHA INJINI

Ukimaliza hayo, nenda kwenye injini. Nayo haina mengi.

Mafuta ndiyo uhai wake. Kipimo kimo katika kifuniko cha mahali pa kujazia. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, futa kipimo, kiingize pasipo kukizungusha nyuzi zake, ukitoe utazame. Injini hii hutumia chini kidogo ya lita moja tu, na mafuta hayo hayo hutumika katika gia na klachi. Kwa hiyo usitie mafuta ya motokaa yaliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano, maana klachi itateleza. Nunua mafuta yaliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki. Mimi huyabadili kila kilomita 1,500, kwa sababu ya vumbi letu, nami huyatoa injini ingali na joto ili uchafu utoke pamoja nayo. Mafuta machafu yatiwe katika debe, yasimwagwe karibu na kisima wala mto.

Hewa nayo iwe safi. Kichujio cha zamani ni sponji. Ioshe kwa mafuta ya taa, wala si kwa petroli. Ikamue bila kuinyonga, iache ikauke, kisha itie mafuta ya gia kidogo na kuikamua tena. Kazi hiyo ifanyike uani, mbali na jiko na koroboi.

Plagi husema habari za ndani. Itoe, uitazame ncha. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, injini yala vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache na injini yapata joto kupita kiasi. Nafasi ya ncha zake iwe milimita 0.6 hata 0.7. Pikipiki za miaka ile zina pia pointi za moto. Zisafishwe, na zikifunguka nafasi yake iwe milimita 0.3 hata 0.4.

Mwisho ni valvu. Kazi hii huwatisha wengi, lakini mtu mwenye subira na geji ya kupimia nafasi aweza kuifanya. Injini iwe baridi kabisa. Toa plagi, ondoa vifuniko, zungusha injini kwa spana mpaka alama ya herufi T ilingane na alama yake, na vile vipande viwili vinavyobonyeza valvu viwe vimelegea. Vikiwa vimekazana, zungusha mzunguko mmoja tena. Nafasi ya kila valvu ni milimita 0.08. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama uzi unavyopita katika tundu la sindano. Watu wengi huibana nafasi hiyo ili kuondoa ule mlio mdogo wa valvu. Hilo ni kosa. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, nayo huungua. Kumbe mlio mdogo ni afya, na ukimya ni ugonjwa. Ni somo lile lile kwa njia nyingine.

Ikiwa pikipiki itakaa wiki nyingi bila kazi, funga bomba la petroli na umwage petroli iliyobaki katika kabureta, maana huganda kama utomvu na kuziba matundu madogo.

JUU YA KUIPANDA

Katika kupanda nitasema machache. Kabla ya mteremko, ingiza gia ndogo ungali juu. Usingoje hata ufike katikati. Injini iwe breki yako ya kwanza. Katika kusimama, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ibanwe polepole, pikipiki ikiwa wima. Katika kona na katika matope ukiibana ghafula utaanguka.

Chukua abiria mmoja tu, naye awe na miguu inayofika mahali pa kukanyagia. Mtoto ambaye miguu yake yaning’inia asipakiwe. Mama zetu wamezoea kuketi upande, na ncha ya kanga yaweza kunaswa na gurudumu. Ni afadhali avae suruali chini ya nguo, aketi kwa kutanua miguu, na ncha zote zifungwe. Mke wangu aliona haya mwanzoni. Sasa yeye huwafundisha wengine.

Tena kofia. Nitoe habari moja ya Uingereza, maana yaonyesha jinsi elimu ya jambo hili ilivyopatikana. Palikuwa na mtu mashuhuri, T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipenda mno pikipiki za Brough Superior, ambazo zilikuwa na nguvu na mwendo mkali, naye alikuwa na ujuzi wa miaka mingi. Siku ya 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake huko Dorset, alikutana ghafula na vijana wawili wenye baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa, akaumia kichwa; hakuwa na kofia ngumu. Alifariki siku ya 19 Mei bila kupata fahamu.

Miongoni mwa madaktari waliomwangalia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumponya, lakini hakuliacha jambo hilo. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1941 akatangaza jinsi kofia ngumu inavyookoa. Mwaka huo huo jeshi likawaamuru wapanda pikipiki wake kuivaa. Na raia wa Uingereza wakalazimishwa kwa sheria mwaka 1973. Wachunguzi wa siku zetu waliokusanya hesabu za nchi nyingi, mwaka 2008, waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Nchini mwetu sheria yadai kofia kwa dereva na abiria pia. Lakini wengi humpa kofia dereva, na abiria huenda kichwa wazi, kana kwamba jiwe laweza kuchagua. Kofia ifungwe ukanda wake chini ya kidevu. Na kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa isivaliwe tena, hata kama ufa hauonekani. Ile ya mke wangu tumeitundika ukutani, juu ya sanduku la spana.

DAFTARI

Nimalize kwa habari ya nyumbani. Mkono wa mke wangu ulipona, ingawa siku za baridi humuuma. Muda mrefu hakupanda tena, nami sikumshawishi. Nilinunua viatu vipya vya breki, nikavifunga mwenyewe kwa kufuata kitabu. Nikabadili waya za breki, na nukta zile mbili nikazikutanisha. Kisha nikalichukua daftari la baba, nikapiga mstari chini ya maandishi yake ya mwisho, nikaandika tarehe na neno “breki.”

Siku moja mke wangu alikuja uani akachuchumaa kando yangu. Akaniambia, “Kanyaga, nitazame mshale.” Nikakanyaga. Akatazama, akasema, “Bado.” Akaniomba kalamu, akaandika mwenyewe katika daftari. Tangu siku hiyo kalamu ni yake. Asipoandika, pikipiki haitoki; nami nikikasirika kwa haraka ya safari, yeye hunionyesha tu mkono wake wa kushoto, na haraka yangu hukoma.

Sasa kijana wetu wa kwanza ana umri wa kujifunza. Nimemwambia kwamba hatashika usukani kabla hajapata leseni, wala hatapata ruhusa ya kwenda kuitafuta kabla hajajua kufunga viatu vya breki. Amenuna kidogo, lakini Jumamosi iliyopita ndiye aliyegonga njiti, akakuta moja imelegea. Mama yake akaiandika.

Basi, ninyi mlio na pikipiki kuukuu ghalani, iondoeni magunia, mkaitazame. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukutani waonekana. Wa breki hauonekani mpaka umefungua gurudumu. Basi jioni ya leo mfungue, mtazame.